Bustani ya Pwani: mwongozo kamili wa kuchagua mimea kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam

Watu wengi wanaohamia Dar es Salaam kutoka Moshi, Lushoto, Njombe au Mbeya huja na mbegu za kwao: kabichi, karoti, maharage, viazi mviringo. Mbegu zinaota vizuri tu. Miche inanawiri wiki tatu, nne, halafu kabichi inatandaza majani bila kufunga, maharage yanapukutisha maua, karoti zinatoka nyembamba na zimepauka. Mtu anaongeza maji, anaongeza mbolea, anamtafuta muuza dawa, na mwisho anasema ardhi ya Dar haifai. Ardhi ina matatizo yake na tutayafikia. Lakini kinachoiangusha mimea hiyo mara nyingi ni joto la usiku, na hilo halina dawa ya dukani. Unalishinda kwa kubadili mmea, au kubadili aina ya mmea huohuo, au kubadili mwezi wa kuupanda.

Nimeuandika mwongozo huu nikiitazama Dar, lakini Tanga, Bagamoyo, Lindi, Unguja na Mombasa mambo yanafanana sana. Sogeza tarehe wiki moja au mbili kufuata mvua za kwako.

Hatua ya kwanza: ujue usiku wako

Mchana mmea unatengeneza chakula kwa jua, usiku unakitumia. Usiku ukiwa wa baridi matumizi ni madogo, na akiba inakwenda kwenye kichwa cha kabichi, kwenye kiazi, kwenye tunda. Usiku ukiwa wa nyuzi 25 mmea unachoma sehemu kubwa zaidi ya ulichopata mchana. Zaidi ya hayo, chavua ya mimea kama nyanya na maharage huharibika kwenye joto, kwa hiyo ua linafunguka, halitungi, linadondoka.

Ukitaka ushahidi, liangalie chungwa la Muheza. Huiva tamu likiwa bado la kijani, kwa sababu ganda la chungwa huhitaji usiku wa baridi ili ligeuke rangi, na baridi hiyo Muheza haipo. Mchungwa umeyakubali mazingira na tunda linalika. Mmea wa namna hiyo ndio tunaoutafuta.

Februari, Dar hufika nyuzi 32 au 33 mchana na usiku haishuki sana chini ya 24 au 25. Julai mchana ni 28 au 29, usiku unashuka hadi 18 au 19. Tofauti ya mchana ni ndogo. Ya usiku ndiyo kubwa, na ndiyo inayokupa nafasi. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana kinachowezekana Lushoto mwaka mzima, hapa kinawezekana miezi mitatu tu, na vingine haviwezekani kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu, angalia kwenye simu joto la chini kabisa la usiku kwa wiki nzima, kisha ufikirie uwanja wako. Bustani iliyobanwa na ukuta wa tofali, sakafu ya zege na bati hukaa na joto hadi usiku wa manane. Kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe usiku una nafuu kidogo. Ukiwa na sehemu mbili za kulima, ile inayopata upepo wa usiku ndiyo ya mimea dhaifu.

Hatua ya pili: gawa mwaka kwa pepo na mvua

Wazee wa Pwani waliugawa mwaka vizuri kwa mkulima. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni joto kali: hapo panda bamia, mchicha, kunde, mlenda na pilipili kali, na usihangaike na vingine. Masika, Machi hadi Mei, ni maji mengi na magonjwa ya ukungu. Ni wakati wa kupanda miti, muhogo, matembele na nderema, na mwishoni mwake kuandaa kitalu. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndio msimu wa dhahabu wa bustani ya nyumbani: nyanya, kabichi, karoti, saladi, pilipili hoho, vyote vinavyotaka usiku mwepesi viwe bustanini wakati huo. Demani, kipupwe kikiisha, unavuna huku unamwagilia. Vuli ikifika, Oktoba hadi Desemba, rudi kwenye kunde, maboga na mahindi.

Kosa kubwa ni kusubiri mpaka baridi ianze ndipo usie mbegu. Kabichi iliyosiwa Juni hufunga kichwa Septemba, joto likiwa limerudi. Sia kitaluni mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, chini ya paa la nailoni inayopitisha mwanga ili masika isizamishe miche, kisha hamishia bustanini mwanzoni mwa Juni. Hesabu kurudi nyuma: ua au kichwa kifike Julai na Agosti.

Hatua ya tatu: udongo na maji

Sehemu kubwa ya Pwani ni mchanga. Maji hupita na mbolea hupita nayo, na kwa joto hili samadi huoza upesi, kwa hiyo ya mwaka jana usiihesabu. Weka ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza vizuri kwa kila mita ya mraba, kila msimu, na ufunike kwa matandazo ya majani makavu au pumba za mpunga. Masika inua matuta sentimita 20 hadi 30. Kiangazi fanya kinyume, lima kwenye vijaruba vilivyozama kidogo ili maji yasikimbie.

Ukitumia maji ya kisima karibu na bahari, pima chumvi kwa mimea yenyewe: kingo za majani zikiungua na ukoko mweupe ukitokea juu ya udongo, chumvi ipo. Maharage, karoti, vitunguu na stroberi haviivumilii hata kidogo, wala mwembe na mparachichi haviipendi. Spinachi na bitiruti huvumilia, na mnazi ndio kwao. Kuhusu maji ya mito inayopita katikati ya mji, kama Msimbazi, nasema wazi: yanabeba maji machafu ya viwanda na ya majumbani, usimwagilie mboga ya kula.

Hatua ya nne: badilisha mmea kwa mmea

Jiulize unataka nini mezani, halafu tafuta mmea wa Pwani unaofanya kazi hiyohiyo.

Mboga za majani ndizo rahisi kuliko zote. Badala ya kabichi, panda chainizi au figiri, ambazo hazihitaji kufunga kichwa. Ukitaka kabichi kwa lazima, nunua chotara iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa inastahimili joto, uipande kwa kipupwe tu, na utegemee vichwa vidogo. Sukuma wiki inaota mwaka mzima lakini wakati wa kaskazi vidukari na viwavi huimaliza. Mchicha ndio mfalme wa hapa: namna yake ya kutengeneza chakula inafanya kazi vizuri zaidi jua linapokuwa kali, na unang'oa wa kwanza baada ya wiki tatu au nne. Mbegu zake ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu kabla ya kumwaga. Masika ukiona madoa meupe yenye unga chini ya majani, hiyo ni kutu nyeupe. Punguza msongamano na uache kumwagilia jioni.

Spinachi inapochoka na joto, nderema inachukua nafasi yake. Ni mmea wa kutambaa, majani manene yenye utelezi kidogo, unaupandisha kwenye uzio na unachuma miezi mingi. Unyevu unaoozesha mboga nyingine ndio unaoinenepesha. Matembele hupandwa kwa marando ya sentimita 20 hadi 30, ukizika nusu. Na kama una nafasi ya mti mmoja, panda kisamvu cha mpira pembeni mwa ukuta. Utachuma kwa miaka. Kitwange na kichemshwe muda mrefu, kwa sababu majani hayo yana sianidi yakiwa mabichi.

Saladi inawashinda wengi kabla haijaota: udongo ukipita nyuzi 28 hivi, mbegu hulala. Zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke kwenye friji siku mbili, zisie jioni kwenye kivuli, juu juu tu kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote. Chagua aina ya majani yaliyoachana, siyo ya kufunga kichwa, na uichume changa kabla haijawa chungu.

Maharage yaache kwao milimani. Usiku ukiwa juu ya nyuzi 20 maua yanaanza kupukutika, na Pwani usiku wa chini ya hapo ni wa msimu mfupi. Kunde inakupa mboga ya majani kwanza, halafu maganda mabichi, halafu punje kavu, kwenye mchanga uleule uliowashinda maharage. Choroko inakomaa upesi, inafaa vuli fupi. Mbaazi inataka muda na nafasi, lakini ikishashika haikuombi maji, na kila mpishi wa huku anajua kazi yake kwenye nazi.

Viazi mviringo hutunga vizuri udongo ukiwa nyuzi 15 hadi 20. Juu ya hapo unapata majani marefu na vijiazi vya kuhesabu. Panda viazi vitamu, magimbi panapotuama maji, na muhogo. Kwenye muhogo chagua kwa makini, kwa sababu Pwani ina magonjwa mawili yanayoenezwa na inzi weupe: batobato, inayokunja majani, na michirizi ya kahawia, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza miaka ya 1930 kutoka kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Huu wa pili ni mjanja. Shina linaweza kuonekana zima kabisa, lakini ukikata muhogo ndani unakuta madoa makavu ya kahawia. Usichukue mbegu kwenye shina hata moja la shamba la namna hiyo. Ulizia aina zinazostahimili, kama Kiroba, Chereko na Mkuranga 1.

Kitunguu saumu hakifungi bila baridi, acha. Kitunguu maji ni cha kubahatisha, lakini kitunguu cha majani kinaota popote. Giligilani hukimbilia kutoa maua, isie kidogo kidogo kila wiki mbili wakati wa kipupwe, na miezi mingine tegemea mrehani, mchaichai, tangawizi na manjano. Tangawizi na manjano vizikwe mwanzo wa masika, kwenye kivuli chepesi. Pilipili hoho hudondosha maua na kuunguzwa na jua; pilipili mbuzi na pilipili kichaa zinazaa wakati huohuo bila kulalamika.

Hatua ya tano: nyanya

Nyanya nimeitenga kwa sababu kila mtu anaitaka na inastahili maelezo yake.

Hutunga vizuri usiku ukiwa kati ya nyuzi 15 na 20. Ukipita 24, au mchana ukipita 32, maua mengi hudondoka. Kwa hiyo msimu wa nyanya Pwani ni ule ule: kitaluni Mei, bustanini Juni, maua Julai. Kuhusu aina, Tengeru 97 imetumika sana nchini. Ilitolewa mwaka 1997 na kituo cha utafiti wa mboga na matunda cha Tengeru, Arusha, na inastahimili mnyauko fuzari na minyoo fundo, maadui wawili wa udongo wa mchanga. Nyanya ndogo za cheri nazo hutunga kwenye joto linalozishinda zile kubwa. Kama unataka kujaribu nyanya nje ya msimu, anza na hizo.

Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, chavua hugandamana na haidondoki. Asubuhi, umande ukishakauka, gonga kwa kidole kijiti kilichoshikilia mmea, taratibu, wakati maua yamefunguka. Fanya hivyo kila siku wakati wa maua. Ni jambo dogo lenye faida kubwa.

Anayetoka nyanda za juu amezoea kupiga dawa ya bakajani chelewa, ugonjwa wa baridi na ukungu. Adui mkubwa huku ni mnyauko bakteria. Mmea mzima wenye majani mabichi unalegea ghafla mchana wa jua, jioni unajaribu kuinuka, baada ya siku chache umekufa ukiwa bado kijani. Ukiushuku, kata kipande cha shina sentimita tano karibu na udongo, kisafishe, kitumbukize ncha moja kwenye glasi ya maji safi, ukishikilie bila kutikisa. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zitashuka kutoka kwenye kidonda. Hizo ni bakteria zenyewe. Hakuna dawa ya kupulizia. Ng'oa mmea na udongo wa mizizi yake, utupe mbali, na hapo usirudishe nyanya, pilipili, biringanya wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Panda mahindi.

Pale ambapo ugonjwa umeshakaa, njia iliyo bora ni kubebesha: nyanya juu, biringanya chini. World Vegetable Center, kituo cha utafiti chenye makao yake Taiwan na tawi Arusha, kimeipendekeza njia hii kwa nchi za joto na mvua, kwa biringanya inayoitwa EG203 ambayo mizizi yake huvumilia bakteria na hata maji kutuama. Sia biringanya siku kadhaa kabla ya nyanya, kwa sababu hukua polepole. Mashina yakilingana unene, yakate yote mawili kwa mshazari, yaunganishe kwa kibano au kipande cha mrija laini, na miche ikae kwenye kivuli chenye unyevu mwingi kwa wiki moja hivi. Unapohamishia bustanini, kiungo kibaki juu ya udongo. Ukikizika, nyanya itatoa mizizi yake yenyewe na kazi yote imeharibika.

Hatua ya sita: nafasi, hewa na kivuli

Pwani jani lililolowa halikauki upesi, na ukungu unahitaji saa chache tu za jani kulowa. Ongeza nafasi kuliko pakiti inavyosema, hasa kwa nyanya, biringanya na matango. Panga mistari ifuate upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kusi, kutoka kusini na kusini mashariki. Mwagilia asubuhi, chini, kwenye shina. Ondoa majani ya chini yanayogusa udongo.

Wakati wa kaskazi, neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya jua inaokoa miche na mboga laini, lakini usiifunge mwaka mzima. Masika kuna mawingu ya kutosha na kivuli cha ziada kinaleta ukungu.

Hatua ya saba: miti ya matunda na maua

Hapa kosa ni ghali kwa sababu unaligundua baada ya miaka mitatu. Parachichi aina ya Hass, linaloipa Njombe na Rungwe soko la nje, ni la nyanda za juu. Kwa Pwani tafuta miche ya parachichi kubwa za ganda laini zinazozaa huku tayari, iliyobebeshwa kutoka mti unaoujua, na uipande juu ya kichuguu cha udongo ili mizizi isioze masika. Tufaha lisahau. Embe, papai, ndizi, pera, stafeli, fenesi na ndimu vyote viko nyumbani. Unguja ongeza shokishoki.

Pasheni zipo mbili. Ya zambarau ni ya baridi, na Pwani mizizi yake hufa kwa mnyauko. Ya njano inapenda joto na inavumilia mnyauko na minyoo. Lakini ina sharti: ua lake halikubali chavua ya mmea wake wenyewe. Panda miche miwili au zaidi iliyotokana na mbegu tofauti. Maua yake hufunguka adhuhuri, na wachavushaji wake ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Wasipokuwepo, chukua chavua kwa kidole saa nane mchana, upake kwenye ua la mmea wa pili.

Waridi kwenye unyevu huu hupata madoa meusi na kuvua majani. Likiwa la lazima, lipe upepo na jua la asubuhi. Kwa harufu, hakuna haja ya kwenda mbali: asumini, mkilua, mlangilangi na mrehani, maua yaleyale ya vikuba wanavyojipamba wanawake wa Pwani, yanakubali hewa hii na hayadai dawa kila wiki.

Hatua ya nane: tunza mbegu ya kwako

Aina bora kwa uwanja wako utaitengeneza mwenyewe kwa misimu michache, ilimradi mbegu isiwe chotara. Kwenye mchicha, funga utepe mmea uliochelewa kuliko wote kutoa maua, ndio uache ukomae. Kwenye kunde na bamia, chukua kwa mmea uliozaa vizuri kaskazi ikiwa imepamba moto, siyo ule wa Julai ambao kila kitu kinauwezesha. Mbegu za Pwani hufa upesi kwa joto na unyevu. Zikaushe kivulini mpaka zivunjike zikibanwa, weka kwenye chupa ya kioo juu ya safu ya majivu makavu au mchele uliokaangwa bila mafuta na kupoa, karatasi katikati, kifuniko kikazwe. Andika jina na mwezi, chupa ikae mahali penye ubaridi, na kama ni friji, ukiitoa usiifungue mpaka ifikie joto la chumba, la sivyo mvuke utaingia ndani na kulowesha mbegu.